Mama Mkwe Kwenye Foleni

Nesta wa Ndalambo hakupenda kufundishwa, na hilo lijulikane mapema. Jembe alijifundisha mwenyewe. Kupika alijifundisha kwa kuunguza. Kusoma aliachia pale alipoweza kuliandika jina lake na kulitambua jina la mtu mwingine likiwekwa pahali pa lake. "Hayo yanatosha," alisema, na kwa mtu wa maharage yalitosha kweli. Kwa hiyo alipoambiwa kuna semina mjini Tunduma, ya kuwafundisha wanawake wa biashara namna ya kuongea, alicheka mpaka kilemba kikalegea.

"Kuongea? Mimi? Nifundishwe?"

"Kuna nauli na soda," akasema Miriamu.

"Inaanza lini?"

Huyo Miriamu ni Msukuma wa mabondeni, ambako ukoo wake ulihamia na ng'ombe zamani. Yeye na Nesta walikuwa kikundi kimoja cha wauza maharage, na walipendana kwa namna ya watu wanaotukanana kila siku.

Tatizo la kikundi hicho lilikuwa godauni. Pale Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, palikuwa na tajiri anayenunua maharage na kuyapeleka Kongo. Bei yake nzuri, mizani yake haina hila, ila mlangoni kwake palikuwa na foleni mbili. Ya wanaume ilipita kivulini, kando ya ukuta. Ya wanawake ilisimama juani, na haikusogea mpaka ya wanaume iishe. Ukifika mezani hatimaye, jasho limekauka na kutoka tena, meneja anakuuliza, "Mume wako yuko wapi?" Huna mume hapo, mzigo haupimwi. Si kwa ubaya, walisema. Ni utaratibu.

Basi wanawake wakawa wanabeba waume kama wanavyobeba magunia. Rubeni, mume wa Nesta, alipandishwa kwenye fuso alfajiri, akakalishwa juu ya maharage ambayo hakuyalima, akashushwa Tunduma, akasimamishwa mezani, akasema "Mimi hapa," na kazi yake ikawa imekwisha. Mtu mpole sana, Rubeni. Maharage ya njano na mekundu kwake yalikuwa yaleyale. Wajane walipokosa mtu wa kusimamisha, Nesta aliwaazima. Kuna siku ya soko Rubeni alikuwa mume wa Nesta, akawa mume wa mjane mmoja mrefu, kisha akawa mume wa Miriamu, ambaye wa kwake alikuwa mnadani na ng'ombe. Meneja wa wakati ule alimtazama, akamtazama tena, akasema, "Mzee, una nguvu."

"Mungu anasaidia," akajibu Rubeni.

Watu walicheka. Nesta naye alicheka, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu kwa vidole. Shamba alilipalilia yeye. Maharage aliyapiga yeye, akayapepeta yeye, vumbi likamlaza na kifua. Halafu mtu wa kumtambulisha mbele ya mizani awe Rubeni, ambaye asubuhi ile aliuliza kama hiyo ni karanga!

Semina ilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu aliitwa Brenda, binti wa Dar es Salaam, suruali, nywele fupi, na bango kitita la makaratasi makubwa ya kufunua. Hakuanza na makaratasi. Alisema, "Mama zangu, kila mmoja aniambie. Kwenye kazi yako, wanaume wanakuitaje?"

Wa kwanza kusimama alikuwa Agnes, Mzambia, muuza mafuta ya kupikia ng'ambo pale Nakonde.

"Kwetu mwanaume akiingia dukani anainama, anapiga makofi taratibu, 'Mulishani, ba mayo.' Mama, u hali gani. Unajiona malkia! Halafu anageuka, anamuuliza bei mteja mwingine, kwa kuwa yule ni mwanaume."

"Na mteja anaijua?"

"Hajui! Anataja yoyote! Na mimi nasimama hapo, malkia."

Miriamu akasema, "Afadhali wewe unapigiwa makofi. Mimi ng'ombe namkamua, akiumwa nalala naye zizini. Siku ya mnada naambiwa kaa nyuma, ng'ombe akionekana na mwanamke anashuka bei."

"Ng'ombe uliyemkamua mwenyewe?"

"Huyohuyo! Na ananitafuta kwa macho!"

Ukumbi ukacheka. Nesta akanyoosha kidole kwa Brenda. "Na wewe, mwanangu? Huko Dar kwenye viyoyozi wanakuitaje?"

Brenda alifunika kalamu yake kwanza. "Mimi wananiita bosi. Kila mtu, bosi, bosi. Kikao kikianza, bosi ndiye anayeambiwa aandike kumbukumbu, na aangalie kama chai imefika."

 Kisha Agnes akampigia makofi ya kwao, taratibu, kwa pole.

"Hata wenye suruali," akasema Miriamu.

"Basi nimeokoa hela," akasema Nesta. "Nilikuwa nafikiri kununua."

Kumbe ndivyo ilivyo. Kila nchi ina asali yake ya kukupaka mdomoni ili usiufungue. Huku utaitwa mama, kule malkia, kule bosi, na mezani bado ataulizwa mwingine.

Ndipo Brenda akafunua makaratasi yake, na somo lenyewe lilikuwa fupi. Mtazame mtu machoni. Taja jina lako. Sema unachotaka kwa sentensi moja. Halafu nyamaza, umwachie yeye kazi ya kujibu.

"Kunyamaza tunakujua," akasema Nesta. "Hilo ungelipunguza."

"Hapana, mama. Nyie mnanyamaza kabla. Mimi nasema mnyamaze baada."

Nesta alilitafuna neno hilo, asipate pa kulitemea. Lilikuwa neno zuri, na lilimuudhi kwa kuwa halikuwa lake.

Wakafanya mazoezi. Miriamu akavaa kofia ya mlinzi wa kanisa, akawa meneja, akakunja uso. "Wewe mama, mume wako yuko wapi?"

"Kwani unataka kumuoa?"

Wanawake wakaanguka kwenye mabenchi. Brenda naye alicheka, akafuta macho, akasema, "Ni sentensi moja, mama, nakubali. Lakini siyo unachotaka."

Nesta akaanza upya. Akamkazia Miriamu macho. "Mimi naitwa Nesta Namwinga. Nataka foleni iwe moja." Akafunga mdomo. Akaendelea kutazama. Miriamu akajikuna, akavua kofia, akaivaa tena, mwisho akapiga kelele, "Basi, basi, chukua foleni, niondolee hayo macho!"

Hapo hapo kikundi kikamchagua awe msemaji wao. Akaambiwa siku ya soko aende mezani aseme hivyohivyo. Nesta aliitikia kama mtu anayewafanyia hisani, lakini usiku ule aliirudia ile sentensi mpaka Rubeni akahamia kitanda cha jikoni.

Siku ya soko ikafika. Brenda alikuja kushuhudia, kwa kuwa walimu wa siku hizi wanapenda kuona. Walisikia kwamba meneja amebadilishwa, ameletwa mwingine kutoka godauni la Mlowo. "Meneja ni meneja," akasema Nesta. Akaingia kifua mbele, wenzake nyuma yake, akafika mezani, akainua macho. Meneja mpya akainua ya kwake.

Nesta alijitupa nyuma ya magunia, kanga kichwani. Meneja akazama chini ya meza, kiti kikaanguka.

"Nyoka!" akapiga kelele kuli mmoja, na wabeba mizigo wote wakapanda juu ya maharage.

Hakukuwa na nyoka. Yule meneja alikuwa Osward, aliyemuoa Gloria, binti wa Nesta.

Wanamwanga wenye adabu, watu wa kabila la Nesta, wanaelewa tayari. Kwa asiyejua, ni hivi. Mama na mume wa binti yake hawatazamani, hawataji majina, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Inakwenda hivyo mpaka wazazi wa mke wamwite mkwe, wampikie, wamfungue. Vijana wengi wameliacha jambo hilo. Nesta hakuacha. Kwenye harusi ya Gloria alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa, na picha zote yeye ni kiwiko. Tena alikwisha kuapa kwamba Osward ataficha uso miaka, kama Rubeni alivyofichwa na mama yake Nesta. "Ni starehe iliyobaki uzeeni," alisema, "usininyang'anye."

Brenda alichutama kando ya magunia. "Mama! Machoni! Tulisema machoni!"

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Amemuoa Gloria."

Brenda alifungua mdomo, akaona karatasi zake hazina ukurasa wa jambo hilo, akaufunga.

Lakini Nesta hakuwa mtu wa kuja Tunduma bure. Wakwe wakilazimika kusemezana, husema kupitia kitu cha katikati. Katikati palikuwa na mizani.

"Wewe mizani," akasema Nesta, sauti ikitoka nyuma ya maharage. "Mwambie huyo aliye chini ya meza, nimefika."

"Mizani," ikajibu meza, "mwambie mama mkwe shikamoo."

"Mwambie marahaba. Na mwambie nataka foleni iwe moja."

"Mwambie mama nimesikia. Mzigo wake utangulie mbele ya wote, yeye na wenzake, na makuli wamletee kiti kivulini."

"Mizani, una masikio? Sikuomba kutangulia. Nimeomba foleni moja."

"Mwambie mama nimesikia sana. Atangulie."

Wanawake wakapiga vigelegele. Magunia yao yakapimwa kabla ya ya wanaume, jambo ambalo halijaonekana tangu godauni lijengwe, na hakuna aliyeulizwa mume. Makuli walisema hawajawahi kuona meneja akipima mzigo kwa kupapasa, uso ameuficha. Njiani fuso zima liliimba. Nesta peke yake hakuimba. Alipewa kiti, alipewa soda, alipewa kivuli. Jibu hakupewa.

Soko lililofuata Nesta alikuwa msibani, Miriamu akaenda na wengine. Jioni alirudi na magunia yake yote juu ya fuso, hayakushushwa.

"Nimeulizwa mume," akasema.

"Hukumwambia wewe ni mtu wangu?"

"Nilimwambia. Kaniuliza, 'Kwani wewe ndiye umemzaa Gloria?'"

Nesta akavuta ungo. Alikaa akichambua maharage, mabovu huku, mazima huku. Akitaka, maisha yake yangekuwa rahisi. Kila soko atapita mbele, ataletewa kiti, mizani itampigia salamu. Wenzake watatembea nyuma ya kanga yake kama vifaranga, na siku asipokuwepo watarudi juani. Naye mwenyewe je? Pale godauni hakuna aliyemsikiliza Nesta wa maharage. Walimwogopa mama yake Gloria. Ni mtu mwingine kabisa huyo, na hajui kupalilia.

"Rubeni," akaita. "Kesho ukamate jogoo."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Namfungua mkwe."

Rubeni, yule mpole, aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Unamfungua? Mwaka haujaisha! Mimi mama yako alinificha mpaka Gloria akaota meno! Nimenyeshewa kwenye mahindi, mimi! Nimekaa juu ya siafu, yeye anapita njiani polepole kwa makusudi, anaimba!"

"Alikuwa anakupenda."

"Na huyu je? Aende hivihivi, mkavu, hana hata siafu mmoja?"

"Wewe hukuwa na godauni," akasema Nesta, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Osward alikuja na Gloria Jumapili baada ya ibada. Aliketi kwenye mkeka mgongo ukielekea mlangoni, kama inavyopasa. Nesta akaleta chakula kimoja kimoja, ugali, kuku, mlenda, maharage, akiweka chini na kurudi nyuma. Osward akaonja kila kimoja, jasho likimtoka kuliko siku ya mitihani. Mwisho Nesta akaketi mbele yake, akaishusha kanga.

"Baba, nitazame."

Osward akainua macho kama anayeinua gunia. Walitazamana. Gloria alisahau kutafuna.

"Kumbe mama una macho madogo," akasema Osward, halafu akajiziba mdomo.

"Na wewe una masikio makubwa," akasema Nesta. "Tutaona kama yanafanya kazi. Kula."

Rubeni alikaa pembeni amenuna, akihesabu starehe ya bure anayopewa kijana, mpaka akapewa paja la jogoo.

Siku ya soko Nesta alimwacha Rubeni nyumbani. Alisimama kwenye foleni ya juani kama kila mtu. Osward alimwona kutoka mezani, akapunga mkono. "Mama, pita mbele!" Nesta akajifanya anatafuta kitu kwenye kanga. Zamu yake haikufika, kwa kuwa foleni ya wanaume haijaisha, basi akaondoka mahali pake akaenda mezani kwa miguu yake. Wote wakatazama chini, wakitafuta nyoka.

Akamtazama machoni. "Mimi naitwa Nesta Namwinga, muuza maharage. Nataka foleni iwe moja, na mtu asiulizwe mume."

Akafunga mdomo.

Osward alitabasamu. Nesta hakutabasamu. Osward akapanga kalamu. Akazipangua.

"Mama, siyo dharau," akasema hatimaye. "Kuna waume wanakuja hapa baada ya siku mbili. Wanapiga meza, 'Mke wangu kauza maharage yangu, na nyie mmemsaidia kuiba!' Tajiri amechoka na kelele. Ndiyo maana tunauliza."

Hili Nesta hakulitegemea. Lilikuwa la kweli, tena waume wa namna hiyo aliwajua, mmoja ni binamu yake. Kwa mara ya kwanza alijibiwa kama mtu, na jibu lenyewe lilikuwa zuri, na hilo lilimchoma kuliko ile soda ya kivulini. Akafikiri. Akatazama foleni ya kivulini, wanaume wameegemea magunia yao wanapiga soga.

"Sawa," akasema. "Basi uliza wote."

"Wote akina nani?"

"Hawa nao wana wake. Maharage yao yalipaliliwa na nani, na ndege? Kama mwenye nyumba wa pili lazima ajue, waulize na wao. Mke wako yuko wapi?"

Makuli wakacheka. Osward naye akacheka, na kwa kuwa alikuwa kijana wa utani akamgeukia mzee wa kwanza kwenye foleni, Barnaba. "Haya, mzee wangu. Mke wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," akasema Barnaba, na kofia ikaanza kumsumbua kichwani.

"Anajua mzigo huu umekuja?"

"Anajua. Yaani, atajua."

"Mpigie."

Barnaba alipiga, na simu yake ilikuwa ya zile zinazopiga kelele hata usipotaka. Sauti ya mkewe Tabita ikajaa godauni. "Maharage gani? Ya mbegu? Yale ya chini ya kitanda? Barnaba! Usiondoke hapo, nakuja na bodaboda!"

Mtu aliyekuwa nyuma ya Barnaba akakumbuka ana haja ndogo, akaenda, hakurudi. Mwingine akaanza kurudisha magunia kwenye mkokoteni, mluzi mdomoni, kama mtu aliyekuja kutembea tu. Wengine wakatoa simu, huyu mtandao hauna, yule mke hapokei, yule mke anapokea na ingekuwa heri asipokee. Tabita alifika, akaketi juu ya gunia lake la mbegu, akasema halipimwi ng'o. Nje lori la Kongo likapiga honi, na ndani halijaingia hata gunia. Wanawake wa foleni ya juani walikaa chini, wakafungua viazi vyao, wakala wakitazama.

Jua lilipokuwa utosini tajiri akapiga simu. Osward akasimama kuipokea.

"Kuna nini huko? Dereva analia!"

"Tajiri, tunauliza watu wake zao."

"Wake wa nani?"

"Wa wote, tajiri. Kama tunavyouliza wanawake waume."

"Acha kuuliza watu mambo ya nyumbani kwao! Pima maharage!"

"Na wanawake niwaulize?"

"Wana maharage?"

"Wanayo. Tena yao yako tayari."

"Si upime!"

Osward akaweka simu chini. Alimtazama Nesta, na Nesta bado alikuwa amefunga mdomo, ingawa kwa shida sasa. Akawageukia watu. "Foleni moja," akasema. "Hapa ukutani. Mzigo wako, jina lako, basi."

Kulikuwa na kusukumana, usidhani watu waligeuka malaika. Wanaume wawili walisema dunia imekwisha. Kivuli hakikutosha wote, na mkia wa foleni uliangukia juani palepale pa zamani, ila sasa ulikuwa na kofia na vilemba vimechanganyika. Brenda, aliyekuja na basi la asubuhi, alijaribu kuwapanga akakanyagwa. Nesta, kwa kuwa aliondoka mahali pake kwenda kusema, alipogeuka alikuta nafasi yake imeliwa. Akaenda kusimama nyuma, mbali.

"Mama Gloria," akasema Miriamu aliyekuwa mbele kabisa, karibu na mizani, akifurahia sana. "Si upite tu? Mkwe wako yule."

"Mkwe gani? Pima mzigo wako uniondokee."

"Anayefuata!" akaita Osward, bila kuinua uso. Alipima, akaandika, akaita tena. "Anayefuata!"

Mbele ya Nesta walisimama Barnaba na Tabita, waliokwisha kupitwa na wote. Tabita alikuwa amekubali nusu ya mbegu iuzwe, lakini hawakukubaliana nusu ipi, na kila foleni ilivyosogea wao walibaki palepale, kidole hewani.

"Anayefuata!"

"Sogeeni basi, jamani," akasema Nesta, akiwasukuma kwa gunia. "Mnaweza kugombana mkitembea. Watu tuna maharage hapa."